Dakta Harvey Wiley na Asali ya Kughushi

Katika kurasa za gazeti letu la shule tumekwisha kusoma habari nyingi za majemadari, wafalme na wasafiri waliovuka bahari. Muhula huu naomba nafasi niwasimulie wasomaji habari za mtu ambaye hakuteka nchi yo yote wala hakuvikwa taji. Habari zake zahusu mizinga, lakini ni mizinga ya nyuki, wala si ya baruti. Adui yake alikuwa udanganyifu, na adui huyo alikaa kimya ndani ya chupa, kopo na debe, akiwangoja wanunuzi. Jina la mtu huyo ni Dakta Harvey Washington Wiley, mkemia wa Marekani.

Nimemchagua yeye kwa sababu mimi ni mtoto wa upande wa Tabora, katika nchi ya miombo, ambako wazee wetu hutundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti tangu zamani. Kwetu asali ni chakula, ni dawa ya kifua, ni pombe ya arusi, tena ni ada ya shule. Mtu akileta asali sokoni, kila mnunuzi hujifanya hakimu. Mmoja huchovya kijiti cha kiberiti ndani ya asali, kisha akakiwasha. Mwingine hudondosha tone juu ya mchanga. Wa tatu husema kwamba sisimizi hawagusi asali safi. Njia hizi zina kasoro. Kiberiti chaweza kukuonyesha kuwa asali ina maji mengi, lakini shira nzito ya sukari isiyo na maji mengi nayo itakiacha kiberiti kiwake. Na sisimizi hupenda utamu wo wote. Basi mtu atajuaje kweli? Swali hilo ndilo lililomshughulisha Dakta Wiley sehemu kubwa ya maisha yake.

Wiley alizaliwa tarehe 18 Oktoba, 1844, katika nyumba ya magogo shambani, karibu na kijiji cha Kent, jimbo la Indiana. Baba yake, Preston Wiley, alikuwa mkulima na mhubiri. Siku zile watu weusi wa majimbo ya kusini walikuwa bado watumwa, na waliotoroka walivuka mto Ohio wakielekea kaskazini. Mzee Wiley aliuchukia utumwa, akawa mmoja wa wale waliowasaidia watoro hao kwa siri kufika penye uhuru. Kwa hiyo mtoto huyu alijifunza mapema kwamba jambo laweza kuruhusiwa na sheria na bado likawa baya, na kwamba mtu mwema hutafuta sheria iliyo bora.

Mwaka 1863 aliingia Chuo cha Hanover, si mbali na kwao. Mwaka uliofuata aliacha vitabu akaenda vitani upande wa Kaskazini, akawa koplo katika kikosi cha 137 cha Indiana. Mwaka 1865 alirudi chuoni, akamaliza masomo yake mwaka 1867. Baadaye alifundisha Kilatini na Kigiriki, huku akisomea uganga, na mwaka 1871 akapata shahada ya udaktari. Lakini moyo wake haukutaka kutibu wagonjwa. Ulitaka kujua vitu vimefanywa kwa nini ndani yake. Akaenda Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada nyingine mwaka 1873. Mwaka 1874 Chuo cha Purdue kilipofunguliwa huko Indiana, yeye akawa mwalimu wake wa kemia.

Wanafunzi wenzangu watapenda kusikia alivyokuwa mwalimu huyu. Alicheza mpira wa besiboli pamoja na wanafunzi, akanunua baiskeli ya namna ya zamani, yenye gurudumu moja kubwa mbele na dogo nyuma, akaipanda kwenda kazini hali amevaa suruali fupi ya magotini. Wazee wa baraza la chuo walichukizwa sana. Walimwita wakamkemea kwamba mwenendo ule haumfai mwalimu mwenye heshima. Wiley akaandika barua ya kuacha kazi papo hapo. Wazee wale, walipoona kwamba watampoteza mwalimu hodari kwa ajili ya baiskeli, walikataa kuipokea barua hiyo, naye akaendelea kufundisha.

Mwaka 1878 alisafiri mpaka Ujerumani kuongeza elimu. Huko Berlin alisikiliza mafundisho ya mkemia mkubwa August Wilhelm von Hofmann, akafanya kazi na Eugen Sell katika maabara ya serikali iliyopima vyakula. Huko alijifunza barabara kutumia chombo kiitwacho polarimeta. Nitaeleza kazi ya chombo hiki kwa kadiri nilivyofahamu, maana ndicho mlango wa habari yetu.

Shika kamba ndefu, uipenyeze kati ya fito mbili za ua zilizosimama wima, kisha uitikise. Ukiitikisa juu na chini, wimbi litapita kati ya fito. Ukiitikisa upande kwa upande, litazuiwa. Nuru nayo ni mawimbi yatikisikayo pande zote. Kuna mawe maangavu ambayo yana kazi kama ya fito zile: huiacha ipite nuru inayotikisika kwa mwelekeo mmoja tu. Sasa nuru hiyo iliyochujwa ukiipitisha katika maji yenye sukari, sukari huuzungusha ule mwelekeo. Sukari ya miwa huuzungusha kulia. Glukosi nayo huuzungusha kulia. Lakini fruktosi, ambayo ni sukari ya matunda, huuzungusha kushoto kwa nguvu zaidi. Asali karibu yote ni fruktosi na glukosi pamoja na maji kidogo, na kwa kawaida fruktosi huizidi glukosi. Kwa hiyo asali iliyo nyingi huzungusha nuru kushoto. Mtu akitia ndani yake shira itokanayo na wanga wa mahindi, nuru huanza kurudi kulia. Mwongo hawezi kuiamuru nuru izunguke anavyotaka.

Wiley aliporudi Purdue, ofisi ya afya ya jimbo la Indiana ilimwomba apime sukari na shira zilizouzwa madukani. Wakati ule viwanda vya Marekani vilikuwa vimejua kugeuza wanga wa mahindi kuwa shira kwa gharama ndogo. Shira hiyo haikuwa sumu. Ubaya ulikuwa huu, kwamba ilichanganywa kwa siri katika vitu vya bei kubwa, kisha vikauzwa kwa majina ya vitu halisi. Wiley aliona kwamba ughushi huo umeenea sana, na mwaka 1881 akaandika makala juu ya glukosi katika jarida la Popular Science Monthly, ambalo lilisomwa nchi nzima.

Hapa napenda wasomaji watulie kidogo, maana hapa ndipo mtu huyu mkubwa alipojikwaa. Katika makala ile aliingiza maneno machache kwamba kuna asali inayouzwa madukani ambayo nyuki hawakuigusa hata kidogo. Kwamba masega yake hufanywa kwa nta ya mafuta ya taa, yakajazwa glukosi kwa mashine. Baadaye alieleza kwamba jambo hilo alilitia kwa mzaha tu. Lakini wasomaji hawakucheka. Waliamini. Magazeti yalinakili habari hiyo, jingine likainakili kutoka kwa hilo, mpaka watu wengi wakashika kwamba hata asali iliyo ndani ya sega, ambayo ndiyo iliyoaminiwa kuliko zote, yaweza kuwa kazi ya mashine.

Wasomaji wajua methali yetu: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wafuga nyuki waaminifu ndio walioumia. Mtu aliyeamka alfajiri, akaumwa na nyuki, akakata masega yake kwa uangalifu, alifika sokoni akaambiwa kwamba masega yale yametoka kiwandani. Angejiteteaje? Wafuga nyuki wa Marekani waliyapa maneno yale jina la uongo wa Wiley, na kwa miaka mingi magazeti yao hayakuacha kuyakanusha. A. I. Root wa mji wa Medina, jimbo la Ohio, mtengenezaji wa vifaa vya nyuki na mwenye jarida la wafugaji, alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa mtu ye yote atakayeonyesha mahali masega ya namna hiyo yanapofanywa. Hakuna aliyekuja kuichukua. Hapakuwa na mashine iliyoweza kujenga sega, kulijaza na kulifunika kama nyuki wafanyavyo.

Nayasikia maumivu ya wafugaji wale, maana yametufika nyumbani. Mwaka juzi baba yangu mdogo alipeleka madebe mawili ya asali kwa mnunuzi mmoja. Asali ile ilikuwa imeganda, imekuwa nyeupe na chenga chenga. Mnunuzi akasema mbele ya watu kwamba imetiwa sukari, akaikataa. Baba mdogo alirudi nayo kilomita nyingi, na maneno yale yakamtangulia kijijini. Muhula uliofuata binamu yangu alichelewa wiki tatu kurudi shule kwa kukosa ada. Mimi niliposoma kemia nikafahamu kwamba asali safi huganda yenyewe, kwa kuwa glukosi yake haikai yote katika maji. Hujitenga ikawa chenga. Asali ya maua fulani huganda upesi, na ya maua mengine hukaa maji kwa muda mrefu. Kuganda si ushahidi wa wizi. Lakini pale sokoni hapakuwa na chombo, na pasipo na chombo mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye.

Turudi kwa Wiley. Mwaka 1883 aliitwa Washington kuwa mkemia mkuu wa Idara ya Kilimo ya Marekani, naye akakaa katika kazi hiyo miaka 29. Mwaka 1884 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wakemia wa kilimo wa serikali. Kwa nini chama? Kwa sababu wakemia wawili waliweza kupima mbolea ile ile kwa njia mbili tofauti wakapata majibu mawili, na mfanyabiashara akashikilia jibu lililompendeza. Walipatana kwamba njia za kupima ziwe moja kila mahali. Jambo hili laonekana dogo, lakini pasipo hilo hakuna haki: mizani ya kijiji hiki ikitofautiana na ya kijiji kile, mkulima ndiye apunjwaye.

Kuanzia mwaka 1887 ofisi yake ilianza kutoa mfululizo wa vitabu juu ya vyakula na ughushi wake. Maziwa yalipimwa, siagi, viungo, kahawa, chai, mvinyo, na asali pia. Mtu yule ambaye mzaha wake uliwatia wafugaji mashakani sasa alikuwa akitumia maabara ya serikali kutenga asali ya kweli na ya uongo. Mwaka 1908 mmoja wa wakemia wa ofisi yake, C. A. Browne, alitoa kitabu kilichoonyesha vipimo vya asali halisi za Marekani, za maua mbalimbali. Kazi hii ilikuwa ya maana kubwa. Kabla ya kusema kwamba asali hii ni ya uongo, lazima kwanza ujue asali za kweli zinatofautianaje. Kwa mfano, kuna asali ambayo nyuki hawaitoi katika maua bali katika utomvu mtamu unaoachwa na wadudu juu ya majani, nayo yaweza kuzungusha nuru kulia ingawa ni safi kabisa. Mpimaji asiyelijua hilo atamhukumu asiye na kosa.

Ughushi haukuwa wa asali peke yake. Viwanda vilitia dawa katika nyama na maziwa ili visioze, na hakuna aliyejua dawa hizo zafanya nini tumboni mwa watu. Mwaka 1902 Baraza la Kutunga Sheria lilimpa Wiley dola 5,000 afanye uchunguzi. Akawachagua vijana 12 waliojitolea, akawaandalia meza katika chumba cha chini cha jengo la ofisi yake. Walipewa chakula kizuri bure, lakini ndani yake mlitiwa dawa kwa kipimo: kwanza boraksi, na baadaye nyingine, hata formalini. Vijana walipimwa uzito na kuchunguzwa kila siku. Wengine walishikwa na maumivu ya tumbo na ya kichwa, wakakosa hamu ya kula. Waandishi wa magazeti wakakipa kikundi hicho jina la Kikosi cha Sumu, na nchi nzima ikafuata habari zake. Leo majaribio ya namna hiyo juu ya watu yasingeruhusiwa. Hata hivyo yaliwafungua watu macho.

Kwa miaka mingi miswada ya sheria ya vyakula ililetwa Barazani ikaangushwa, kwa kuwa wenye viwanda walikuwa na nguvu. Wiley hakukata tamaa. Alizunguka akihutubu, na vyama vya akina mama vikamuunga mkono sana, maana wao ndio walionunua chakula na kuwalisha watoto. Mwaka 1906 kilitoka kitabu cha Upton Sinclair juu ya uchafu wa viwanda vya nyama vya Chicago, watu wakaghadhibika. Tarehe 30 Juni, 1906, Rais Theodore Roosevelt akatia sahihi Sheria ya Vyakula na Dawa Safi. Watu wengi waliiita sheria ya Wiley.

Yafaa tuelewe sheria hiyo ilitaka nini. Haikumkataza mtu kuuza shira ya mahindi. Ilimkataza kuiuza kwa jina la asali. Hapo ndipo palipokuwa na moyo wa kazi yote ya Wiley: kila kitu kiuzwe kwa jina lake, na mnunuzi mwenyewe achague. Hata juu ya jina alipigana. Alitaka shira ile iandikwe glukosi, jina ambalo watu walikwisha kulijua. Lakini mwaka 1908 wakubwa wake walikubali iitwe shira ya mahindi, naye akashindwa.

Hakushindwa hapo tu. Siku moja mbele ya Rais Roosevelt aliishutumu sakarini kuwa si nzuri kwa afya, asijue kwamba daktari wa Rais humpa Rais sakarini kila siku. Rais alikasirika, na mwaka 1908 likaundwa baraza la wataalamu wengine wa kuyaangalia upya maamuzi ya Wiley. Mwaka 1911 maadui zake katika idara walimshtaki kwamba amemlipa mtaalamu mmoja kuliko sheria ilivyoruhusu. Rais Taft aliyapima mashtaka hayo akamwona hana hatia. Lakini Wiley alikuwa amechoka kufungwa mikono. Tarehe 15 Machi, 1912, aliacha kazi ya serikali, akaenda kuongoza maabara ya jarida la Good Housekeeping, ambako aliendelea kupima vyakula na kuwaonya wanunuzi.

Mwaka huo wa 1911 ulikuwa pia mwaka wa furaha kwake. Alikuwa amempenda Bibi Anna Kelton kwa muda mrefu sana, akamposa akakataliwa, naye hakuoa mwingine. Zaidi ya miaka kumi ikapita, wakakutana tena, wakaoana, yeye akiwa na miaka 66. Wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Bibi Anna naye alikuwa mpiganaji, maana alidai haki ya wanawake kupiga kura. Dakta Wiley alifariki dunia tarehe 30 Juni, 1930, siku ile ile ilipotimia miaka 24 tangu sheria yake kutiwa sahihi. Alizikwa katika makaburi ya Arlington, na mwaka 1956 serikali ya Marekani ikatoa stempu yenye sura yake.

Lakini waghushi hawakufa naye. Walijua kwamba polarimeta yaweza kudanganywa. Ukiichemsha sukari ya miwa pamoja na asidi kidogo, hupasuka ikawa glukosi na fruktosi, nayo huzungusha nuru kushoto kama asali. Mwizi akijifunza, lazima mlinzi naye ajifunze.

Sasa sikilizeni jinsi elimu inavyokwenda kwa mzunguko. Mwaka 1800, kabla Wiley hajazaliwa, mnajimu William Herschel huko Uingereza aliitawanya nuru ya jua kwa kipande cha kioo ikawa rangi zake, akaweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, joto lilizidi. Alikuwa amegundua nuru isiyoonekana, ambayo leo yaitwa infraredi. Zaidi ya miaka 150 baadaye, katika Idara ile ile ya Kilimo aliyoitumikia Wiley, mhandisi Karl Norris huko Beltsville, jimbo la Maryland, alitumia sehemu ya nuru hiyo iliyo karibu na nyekundu kupima maji yaliyomo katika nafaka.

Kazi yake ni hivi. Kila kitu hula baadhi ya mawimbi ya nuru hiyo na kuyaachilia mengine. Maji hula haya, sukari hii hula yale, na sukari nyingine hula tofauti kidogo. Ukiimulika asali kwa mawimbi kuanzia nanomita 780 hata 2,500, chombo hukuchorea mstari wenye vilima na mabonde. Jicho la mtu haliwezi kutenga mstari wa asali safi na ule wa asali iliyotiwa shira, kwa kuwa hufanana mno. Basi kompyuta hufundishwa kwanza kwa asali nyingi zinazojulikana kuwa safi, na nyingine zilizotiwa shira kwa kipimo, mpaka iweze kusema hii ni ya kundi gani. Wataalamu wa nchi kama Ireland na China wameijaribu njia hii juu ya asali, ikaonyesha manufaa. Haihitaji dawa za maabara, haiiharibu asali, na jibu hupatikana kwa muda mfupi.

Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji. Chombo hicho si mchawi. Kikifundishwa kwa asali za Ulaya peke yake, kisha kikaletewa asali ya miombo yetu, chaweza kuiita ngeni, na kisichojulikana hushukiwa upesi. Shira za mchele na za kiazi-sukari nazo ni werevu mpya wa waghushi, na penye shaka lazima maabara ithibitishe kwa njia nyingine. Kwa hiyo ile kazi ya Browne ya mwaka 1908, ya kupima asali za kweli za kila namna, haijapitwa na wakati. Ni lazima ifanywe kwa asali ya kila nchi, ili mfugaji wa huko asihukumiwe kwa mizani ya ugenini.

Katika maisha ya Dakta Wiley nimejifunza mambo mawili. La kwanza, neno la mtu msomi lina uzito kuliko la mtu mwingine. Likisemwa kwa mzaha, huanguka juu ya vichwa vya watu wasioweza kujitetea. Sisi tunaopewa elimu kwa jasho la wazazi wetu tusilisahau hilo. La pili, kipimo cha haki kina faida mbili: humfichua mwongo, tena humwokoa mkweli. Wengi hukumbuka faida ya kwanza tu. Wafuga nyuki wa Marekani walihitaji zaidi ile ya pili, na wazazi wetu wanaobeba madebe yao mpaka sokoni wanaihitaji vile vile.

Naomba wenzangu wanaoona kemia kuwa somo la maneno magumu wafikiri juu ya hayo. Mmoja wetu akijifunza vema, huenda siku moja akasimama sokoni na chombo chake, akamwambia mzee mfugaji mbele ya watu wote kwamba asali yake ni safi. Wazee walituambia tufuate nyuki tule asali. Nami naongeza kwamba tukiisha kuila, tuilinde.